Uradi, kujihesabu, kimya au wema wa siri: ipi itailegeza nafsi yako?

Mwaka juzi, siku ya pili ya Idi, tulikuwa barazani kwa mama, Tanga, tunakunywa chai. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa anaeleza habari za kazini kwake, na kabla hajafika mbali mimi nilikwishaanza kumpa ushauri. Akanyamaza, akaweka kikombe chini, akasema taratibu: "Dada, wewe husikilizi. Wewe unangoja tunyamaze upate pa kuanzia." Nikamtazama mama anitetee. Mama akaendelea kumenya chungwa.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nimesimama mbele ya darasa miaka 19, nasali kila siku, na mpaka jioni ile nilijiona mmoja wa watu wanyenyekevu. Maneno ya mdogo wangu yaliniuma, lakini kuna wazo lililoniuma zaidi yake: sala zangu za miaka yote hiyo hazikuwa zimefika mahali alipopaona yeye kabla chai haijapoa.

Tangu hapo nimekuwa nikiuliza na kujaribu. Kwetu upande wa baba ni Wakatoliki na upande wa mama ni Waislamu, kwa hiyo sikuhitaji kwenda mbali. Babu mzaa mama alikuwa mtu wa uradi, yaani maneno ya kumtaja Mungu yanayorudiwa kila siku. Shangazi yangu ni katekista. Mwalimu mwenzangu mmoja amewahi kukaa kimya siku 10 mfululizo. Ninayoyaandika hapa ni kwa ajili ya mtu anayerudi nyumbani jioni akiwa amechoka, ana dakika chache tu za mambo ya roho, na hataki kuzimalizia kwenye njia isiyomfaa.

Kinacholegezwa ni kitu gani

Vitabuni siku hizi linatumika neno "umimi". Mtaani tuna neno linalouma zaidi: kujiona. Mtu akisemwa "anajiona", hakuna anayeuliza anaona nini. Anaona sura yake katika kila kitu: katika habari ya mwenzake, katika msiba wa jirani, hata katika sala yake mwenyewe.

Qur'ani inaitaja nafsi katika hali tatu. Iko nafsi ammara, inayoamrisha maovu, katika Sura Yusuf (12:53). Iko lawwama, inayojilaumu, katika Sura al-Qiyama (75:2). Na iko mutmainna, iliyotulia, katika Sura al-Fajr (89:27). Babu alikuwa akitueleza hali hizo kwa mfano wa punda mmoja: asubuhi anakuburuta, mchana amesimama katikati ya njia anakuangalia, jioni anaijua njia ya nyumbani. Alikuwa akikazia kwamba ni punda yuleyule. Hakuna anayemchinja punda wake kwa sababu ni mkaidi.

Hapo nataka kusema jambo moja kabla sijaendelea, maana nimeona likiumiza watu. Kulegeza nafsi hakuna maana ya kukubali kudhalilishwa. Mwanamke anayepigwa nyumbani akaambiwa avumilie ili "avunje nafsi" anadanganywa. Kijana aliyekua akiambiwa hafai kitu hana kiburi cha kulegezwa. Anahitaji kwanza mtu wa kumwinua. Njia nne nitakazozilinganisha ni za mtu ambaye nafsi yake imeshika usukani, na ambaye walio karibu naye ndio wanaolipa gharama.

Kuna kisa kinachonigusa kila nikikikumbuka, labda kwa sababu ya kazi yangu. Mwaka 1095 mwanachuoni al-Ghazali alikuwa mwalimu wa madrasa ya Nizamiyya ya Baghdad, moja ya nafasi kubwa kabisa za elimu katika dunia ya Kiislamu wakati huo. Alipoichunguza nia yake ya kufundisha dini alikuta kinachomsukuma ni kutafuta cheo na sifa. Akasitasita kwa miezi. Mwishowe ulimi wake ukagoma, akawa anasimama mbele ya wanafunzi na neno halitoki. Akaacha kazi, akagawa mali yake akibakiza ya kuwatosha watoto, akaenda Damaski kukaa faragha, na kwa muda alikuwa akipanda mnara wa msikiti mkuu na kujifungia mlango.

Tazama mahali alipoikuta nafsi yake: ndani ya darasa la dini. Ndiyo maana katika ulinganisho huu sitauliza njia ipi ni takatifu zaidi. Nitauliza nafsi inatoroka kupitia tundu lipi katika kila njia, maana kila moja inalo lake.

Uradi

Babu akimaliza sala ya Alfajiri haondoki kwenye mkeka. Tasbihi yake ilikuwa ya punje 99, nyeusi, zimeng'aa kwa vidole. Subhanallah 33, Alhamdulillahi 33, Allahu Akbar 34, kisha uradi mwingine ambao hakutuambia. Sisi watoto tulijua kwamba mpaka jua lifike kidaraja cha pili cha mlango, babu hayupo. Baada ya hapo ndipo huulizia chai.

Nguvu ya uradi, nijuavyo mimi, iko katika kwamba maneno hayakuwa yako. Mtu anayeishi kwa kutunga sentensi, mwalimu, wakili, mfanyabiashara, mama wa nyumbani mwenye jibu la kila kitu, anapewa sentensi moja ambayo mamilioni wameitamka kabla yake, airudie mpaka ulimi uache kutafuta jambo jipya la kusema. Hakuna ubunifu wa kusifiwa. Na katika halaka ya dhikri, duara la kumtaja Mungu pamoja, pale wanaume wanapopumua pamoja na kuyumba pamoja, sauti ya mtu mmoja haisikiki tena peke yake.

Pwani yetu imelijua hili kwa muda mrefu. Qadiriyya, moja ya tarika, yaani njia za Kisufi zenye masheikh na nyiradi zake, ilienezwa sana na Sheikh Uways wa Barawa, aliyefika Unguja zama za Sultan Barghash. Shadhiliyya, tarika nyingine, ilienea kwa juhudi za Sheikh Muhammad Maruf wa Moroni, Ngazija. Lakini ninayempenda kuliko wote ni Sheikh Yahya bin Abdallah wa Bagamoyo, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya. Aliletwa pwani kutoka Manyema akiwa mtumwa. Akasoma, akawa khalifa, yaani kiongozi, wa Qadiriyya, na alipofariki mwaka 1931 alikuwa miongoni mwa watu wenye heshima kubwa katika mji ambao zamani ulimpima mtu kwa nasaba. Kwenye mkeka wa dhikri, aliyezaliwa mwungwana na aliyezaliwa mtumwa hutamka neno lilelile.

Wapo masheikh wasioikubali halaka ya tarika, wanaiona ni bidaa, uzushi katika dini. Kama msikiti wako una msimamo huo, nyiradi za kawaida za baada ya sala hazina mgogoro na mtu, wala hazihitaji ijaza, yaani idhini ya sheikh. Ukitaka uradi wa tarika yenyewe, ijaza ya sheikh ni sharti, na hilo lina faida yake: kuna mtu anakujua, na anaweza kukuambia punguza. Kwa Mkatoliki ndugu wa uradi ni rozari, Salamu Maria 53 kwa matendo matano, dakika kama 20, na inasalika vizuri kabisa ndani ya daladala.

Tundu lake ni gani? Nafsi ikikosa maneno ya kujishikiza, hujishikiza kwenye hesabu. "Mimi nimefika elfu." Halafu tasbihi inahama kutoka mfukoni kwenda mkononi, ionekane. Na kuna tundu la pili lililo gumu zaidi kulitambua: uradi hutuliza, na kutulia si sawa na kubadilika. Mtu anaweza kusoma uradi miaka 30, moyo wake ukawa mtulivu kama bahari ya kusi imekwisha, na bado akamnyima mkewe neno jema.

Kujihesabu

Shangazi ndiye aliyenipeleka huku. Nilimweleza ya barazani, akacheka kidogo, akaniambia nikajisomee habari za Ignatius wa Loyola, ambaye wengi kanisani tunamwita Inyasi.

Mwaka 1521, akiwa na miaka kama 30, Ignatius alipigwa na kombora la mzinga mguuni katika mapigano ya Pamplona. Mfupa ulipounga, kipande kilijitokeza chini ya goti. Angeweza kuishi nacho. Lakini mitindo ya wakati ule ilikuwa buti za kubana, na kipande kile kingeharibu umbo la mguu. Akaagiza wakikate kwa msumeno, bila dawa ya ganzi, kwa sababu ya buti. Baadaye alipoongoka akageukia upande wa pili kwa nguvu ileile: kule Manresa aliacha nywele na kucha zikue ovyo kwa kuwa zamani alizijali mno. Kisha akajishika na dhambi, akaungama na kuungama tena yaleyale, hofu ikamtesa hadi akatamani kufa. Mwishowe akakata nywele, akakata kucha, akaacha kurudia maungamo ya kale.

Ninakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna kila kitu. Buti zilikuwa nafsi. Kucha ndefu nazo zilikuwa nafsi, imevaa gunia. Na kule kujilaumu bila kikomo kulikuwa nafsi pia, maana "mimi ni mbaya kuliko wote" bado inaanza na "mimi". Zoezi alilowaachia wafuasi wake limetengenezwa na mtu aliyeanguka katika mashimo yote matatu.

Zoezi lenyewe ni fupi, dakika 10 hadi 15 jioni, na yeye aliagiza lifanyike pia mchana. Unaanza kwa kushukuru kwa mambo ya siku hiyo yenye majina: chai ya moto, mwanafunzi aliyesalimia kwa furaha, mvua iliyokukosa. Unaomba mwanga wa kuona. Unaipitia siku saa kwa saa. Unaomba msamaha panapostahili. Unaangalia kesho. Kuanza na shukrani kuna sababu: anayeanza na makosa hubaki kwenye makosa, kama alivyobaki Ignatius mwenyewe kule Manresa.

Lakini lililonisaidia zaidi ni lile zoezi lake dogo ambalo wengi huliruka. Unachagua kosa moja tu. Unachora mistari miwili kwa kila siku, mmoja wa nusu ya kwanza na mmoja wa nusu ya pili, na kila ukianguka unaweka nukta. Mwisho wa siku unalinganisha mstari na mstari, kisha siku na siku, kisha juma na juma. Ni hesabu ya duka kabisa.

Nikachagua: kuwakatiza watu maneno. Nikanunua daftari dogo la kuingia mfukoni. Siku ya kwanza nilifika nukta 14 kabla ya kengele ya chakula cha mchana. Nilidhani nimekosea kuhesabu. Juma la pili nikagundua jambo ambalo sala zangu za jioni hazikuwahi kunionyesha: nawakatiza zaidi watu ninaowapenda, na karibu simkatizi kabisa mkuu wa shule. Kumbe kunyamaza naweza. Nilikuwa nachagua nani anastahili.

Nyani haoni kundule, tunasema, na ndiyo kazi hasa ya daftari: kukugeuza upaone.

Msomaji Mwislamu asidhani nimemhamishia njia ya Kanisa. Kujihesabu, muhasaba, kuna mizizi ya kale kwao kuliko kwa Ignatius. Al-Harith al-Muhasibi, aliyezaliwa Basra mwaka 781 na kufariki Baghdad mwaka 857, alipata hata jina lake kwa sababu ya kuihesabu nafsi. Na Mkatoliki asiyejua habari za Wajesuiti, shirika la Ignatius, anayo tayari mbegu ya jambo hili katika sala ya kuungama, "kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo na kwa kutotimiza wajibu". Tofauti ni kwamba mara nyingi huwa tunaipita mbio.

Gharama yake ni bei ya daftari. Haihitaji kikundi. Mwongozaji si sharti, ila kwa mtu mwenye hofu nyingi ni lazima. Anayetaka kufundishwa vizuri, Wajesuiti wana kituo cha Mwangaza, Nairobi, penye mafungo ya siku nane na ya siku 30.

Tundu lake nimekwishalitaja: kujitazama mno. Ukiona baada ya mwezi unazungumzia makosa yako kwa utamu, jua umekuwa mpambe wa makosa yako.

Ukiziweka hizi mbili pamoja

Kwa watu wengi wanaoniuliza, uchaguzi halisi ni kati ya uradi na kujihesabu, maana ndizo zinazoingia katika siku ya kawaida bila kuomba ruhusa ya mtu. Basi nizilinganishe vizuri.

Uradi unafanya kazi kwa kukusahaulisha wewe; kujihesabu kunafanya kazi kwa kukukumbusha wewe, lakini ukweli wako. Uradi unafaa ukiwa umechoka, maana hata ulimi uliochoka unaweza kutamka. Kujihesabu ukiwa umechoka kunageuka kuwa ama usingizi ama kujichapa. Uradi huonekana matunda yake haraka, siku chache tu moyo unapoa, lakini mabadiliko ya tabia huchelewa, na kwa wengine hayaji. Kujihesabu siku za kwanza kunachukiza. Mimi juma la kwanza nilitaka kulitupa daftari. Lakini tabia moja iliyochaguliwa vizuri huanza kusogea ndani ya miezi miwili.

Mtu mwenye hasira za ghafla, wasiwasi, usingizi mbovu, anayezunguka kichwani usiku kucha: aanze na uradi. Kumpa mtu huyo daftari la makosa ni kumwongezea kuni. Mtu mtulivu, mwenye sifa njema, anayesifiwa kanisani au msikitini, lakini nyumbani watu wanatembea kwa tahadhari: huyo tayari ametulia kupita kiasi, apewe daftari. Mimi nilikuwa wa kundi hili la pili, na kwa miaka nilikuwa naongeza rozari nikidhani ndiyo dawa.

Kimya cha siku 10

Hili sijalifanya mwenyewe. Nalieleza kwa aliyelifanya na kwa kanuni zao, ambazo wanaziweka wazi kabla hujajiandikisha.

Njia ninayoizungumzia ni Vipassana kama ilivyofundishwa na S. N. Goenka, aliyezaliwa Mandalay, Burma, mwaka 1924, akaanza kufundisha India mwaka 1969. Kozi ni ya siku 10. Kengele inagongwa saa 10 alfajiri, kukaa na kutafakari ni kama saa 10 kwa siku, hakuna simu, hakuna kitabu wala kalamu, hakuna kuongea na mwenzako, hata kutazamana machoni kunaepukwa. Siku za mwanzo unatazama pumzi inavyopita puani na si zaidi. Kisha unapitisha usikivu mwilini, utosini hadi unyayoni, ukiyatazama maumivu yanavyokuja na kuondoka bila kuyakimbia. Malipo hakuna, anayemaliza kozi akitaka hutoa sadaka kwa ajili ya watakaokuja.

Msingi wake ni wa Kibudha: kwamba hiki unachokiita "mimi" ukikitazama kwa karibu utakuta ni mambo yanayopita tu. Mwenzangu aliniambia siku ya sita goti lilimuuma mpaka akalia, halafu maumivu yakavunjika yakawa kama mchwa wanatembea, na akashangaa kuona kwamba hakukuwa na mtu mle ndani wa kukasirika. Nilimsikiliza kwa wivu.

Lakini soma masharti kabla hujaomba nafasi. Muda wa kozi unatakiwa uweke kando ibada nyingine zote: sala, kufunga, tasbihi, rozari. Kwa Mwislamu anayesali sala tano, hapo mjadala umefungwa. Mkristo anaweza kukubali au kukataa, ila ajue mapema. Mwenye historia ya ugonjwa mzito wa akili anashauriwa asiende, na ushauri huo uheshimiwe. Na baada ya kurudi, wanachopendekeza ni saa moja asubuhi na saa moja jioni kila siku. Mtu anayetoka nyumbani Mbagala saa 11 alfajiri kuwahi kazini Masaki atazitoa wapi saa mbili?

Kwa wanaotaka kimya bila masharti hayo yapo mafungo ya Kanisa, ipo itikafu, yaani kukaa msikitini kwa ibada, ya siku 10 za mwisho za Ramadhani, na kwa mwenye hamu ya kuwajua Wabudha wenyewe, Dar es Salaam kuna hekalu lililoanzishwa na wafanyakazi kutoka Sri Lanka mwanzoni mwa karne ya 20, lenye mti wa Bodhi uani.

Tundu la kimya ni hadithi unayorudi nayo. Siku 10 zinasimulika vizuri mno. Mwenzangu huyu, ambaye nampenda na ninamheshimu, kwa mwaka mzima hakukuwa na kikao cha walimu alichokaa bila kutaja "nilipokuwa kwenye kimya".

Wema wa siri

Hii ndiyo njia isiyo na mwalimu, isiyo na kituo, na ambayo watu huidharau kwa sababu haionekani kama ibada.

Katika karne ya 9, huko Nishapur, Khurasan, kulikuwa na watu walioitwa Malamati, watu wa lawama. Mmoja wa wakubwa wao, Hamdun, aliyefariki mwaka 884, alijulikana kwa jina la al-Qassar, yaani msafisha nguo. Walikataa mavazi ya kuwatambulisha kuwa ni wacha Mungu. Walificha ibada zao na wema wao, wakafanya kazi sokoni kama watu wengine, kwa hofu kwamba sifa ingekula kila walichokipanda. Kuna hadithi ya Mtume kuhusu watu saba watakaokuwa chini ya kivuli cha Mwenyezi Mungu, na mmoja wao ni mtu anayetoa sadaka akaificha hata mkono wa kushoto usijue uliotoa wa kulia. Fungua Mathayo 6:3 utakuta mikono hiyohiyo miwili.

Miaka elfu moja baadaye, nako kufuani, mtawa kijana wa Ufaransa, Thérèse wa Lisieux, tunayemwita Teresia wa Mtoto Yesu, alikuwa akifua leso mbele ya mwenzake aliyekuwa akimrushia maji machafu usoni bila kujua. Alitamani kurudi nyuma na kujifuta, ili yule ajue anachofanya. Akaamua abaki, asioneshe kitu, ayapokee maji yale kama zawadi. Alifariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24.

Jambo dogo namna hiyo. Kuosha vyombo ambavyo si zamu yako na kutolitaja. Kumlipia mtu nauli kupitia kondakta na kushuka kabla hajajua. Kumwombea aliyekusema vibaya, kwa jina lake. Tenda wema nenda zako, wazee walisema, na mkazo uko kwenye "nenda zako": usigeuke nyuma kuona kama amefurahi. Tundu la njia hii liko hapohapo: ukigeuka, nafsi imekwishajilipa.

Inafaa nani? Mtu ambaye nafsi yake inakula kwa macho ya watu. Anayeweka kila msaada mtandaoni, anayekumbusha, anayetaka jina lake lisomwe kwenye harambee. Kwake uradi utakuwa onyesho jingine na daftari litakuwa habari nyingine ya kusimulia. Mpe tendo moja kwa siku ambalo hakuna atakayelijua, hata mwenzi wake, na umtazame linavyomtoa jasho.

Namna ya kuchagua bila kujidanganya

Ugumu ni huu: anayechagua dawa ndiye mgonjwa. Nafsi ikiachiwa ichague, itachukua njia inayoipenda. Msemaji atavutiwa na njia yenye mafundisho mengi ya kueleza. Mpenda upweke atakimbilia kimya, ambako hakuna mtu wa kumgusa. Mimi niliongeza rozari kwa sababu rozari haikuwahi kunijibu.

Kwa hiyo usianze kwa kuuliza moyo wako unavutwa wapi. Muulize anayekula nawe. Mume, mke, mdogo wako, mtoto wa miaka kumi na kitu. Muulize swali moja: "Nikiwa nyumbani, ni jambo gani langu linakuchosha?" Usijitetee hata kwa neno. Kama huwezi kusikiliza jibu bila kujitetea, basi umekwishapata kosa la kuweka kwenye daftari.

Jibu likiwa ni hasira na fujo, uradi. Likiwa ni ubabe wa kimyakimya, kutosikiliza, kujua kila kitu, kujihesabu. Likiwa ni kutafuta sifa, wema wa siri. Kimya cha siku nyingi nakishauri kwa ambaye ana moja ya hizo tatu tayari na ameidumisha mwaka mmoja, awe na kitu cha kurudia nyumbani. Najua wapo watakaonipinga hapa, na walioanza na kimya wakafaidika, lakini nimeona wengi zaidi waliorudi na simulizi tu.

Chukua moja, uipe siku 40. Kwaresima ni siku 40, na wazee wa tarika nao wana khalwa, yaani faragha ya ibada, ya siku 40. Walijua muda ambao mwili unahitaji kuacha kubishana. Usiwaambie watu umeanza. Baada ya siku 40 rudi kwa yuleyule uliyemuuliza, umuulize swali lilelile, na umwamini yeye kuliko unavyojiamini.

Mimi sasa niko kwenye daftari la tatu, na tangu mwaka huu nimeongeza uradi mfupi wa dakika chache asubuhi. Nukta bado zipo. Idi iliyopita tulikaa baraza ileile, mama na machungwa yake. Mdogo wangu akaanza tena habari za kazini, nami nikashika kikombe kwa mikono miwili. Usiku nilipoandika, mstari ulikuwa na nukta tatu. Alikuwa amefika mwisho safari hii, na mwisho wenyewe ulikuwa hivi: siku ile ya mwaka juzi alikuwa amekwishaamua kuacha kazi, barua ilikuwa mfukoni, na alikuja kutafuta mtu mmoja tu wa kumwambia.